Kila Herufi na Mkia Wake

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na za kazi? Sisi huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo uko imara. Jana amemfukuza fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la jikoni, eti anapiga mluzi kama mtu asiye na kazi. Maji yanadondoka mpaka leo. Shemeji yako amesema tuweke ndoo na tujifunze subira. Msalimie wifi yangu, na mwanangu, huyo binti yenu, mbusu mashavu yote mawili.

Nimekupigia simu mara nyingi. Unaniuliza habari za mama, unaniuliza habari za mvua, lakini nikitaja tu shule yetu ya zamani unasema umeme umerudi, unawahi kazi. Basi barua haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho.

Ofisi ya elimu inataka kuamua kama shule za msingi ziendelee kufundisha mwandiko wa kuunganisha, au tuuache, watoto waandike herufi moja moja kama zilivyo vitabuni, na kipindi kile kiende kwenye kompyuta. Wazazi wamegawanyika. Kuna wanaosema mtoto asiyejua kuunga herufi hataweza hata kuweka sahihi yake. Kuna wanaosema siku hizi anayeandika kwa mkono ni daktari tu, na daktari mwenyewe hasomeki. Mimi ndiye mkaguzi niliyepewa kazi hiyo. Nizunguke shule za mji, nikae madarasani, niandike mapendekezo. Julai kutakuwa na mkutano wa wazi na wazazi, na mwenyekiti wake ni mimi.

Sasa vuta kiti. Anayeongoza upande wa wanaotaka mwandiko ubaki ni Mwalimu Mikia.

Hajafa, hajahama. Yuko chumba kilekile cha darasa la nne, na anastaafu mwakani. Bado anawaambia watoto kwamba kila herufi ina mkia, na kazi ya mkia ni kumshika mwenzake. Nilipoingia kwa mwalimu mkuu nilimkuta Mikia, akanipa mkono, akawaambia waliokuwepo kwamba mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora wa mwandiko. Nikacheka. Nikakaa. Nikanywa chai yake.

Baba alipokupeleka shule alimwambia yule mtu maneno wanayoyasema wazazi wote: nyama zako, mifupa yangu. Yeye akachukua na mifupa. Alikufunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa kamba ya kiatu ili uandike kwa wa kulia. Ulipojifungua akakupiga kwa ukingo wa rula mpaka vidole viwili vikavunjika, na kesho yake akafundisha kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba, ningemuuliza nini?

Sasa namuuliza. Nataka nimwondolee kitu anachokipenda kuliko vyote kabla hajaondoka nacho kwa heshima na zawadi ya saa ya ukutani, na nataka ajue ni nani aliyemwondolea. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo Julai, uinue tu mkono huo wazazi wauone. Maneno niachie mimi.

Nijibu upesi.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika zamani. Nilikuwa na geti la hospitali, kubwa, la mabawa mawili, na mwenye kazi alikuwa anabadilisha mawazo kila nikimaliza bawa moja. Hapa wote wazima. Maji ya mvua yaliingia karakana, tukapandisha mashine juu ya matofali. Binti yako ameota meno ya mbele makubwa kuliko mdomo. Mama yake anasema ni yangu hayo, siwezi kuyakana. Mwambie mama mafundi bomba wote hupiga mluzi, ndivyo wanavyopima presha.

Kuhusu yule mtu sina la kusema. Vidole havinisumbui. Hivyo viwili vilivyojikunja vinashika kishikio cha kuchomelea kuliko vya wenzangu vilivyonyooka, na wateja wanadhani ni ufundi. Nimeoa, nina karakana, nalala. Wewe una kazi nzuri, usiichafue kwa ajili yangu. Kama mwandiko wa kuunganisha una faida uache ubaki. Kama hauna uondoe. Mimi simo.

Samahani kwa herufi zangu moja moja, unajua mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na karakana imekauka. Mama anakusalimu. Anasema meno makubwa ni dalili ya mtu mkarimu, na kwamba wewe ulikuwa nayo ukayaficha kwa kutokucheka. Shemeji yako amepata mafua, kwa hiyo nyumba nzima inaumwa.

Umeniandikia kwamba humo. Kumbe umo mpaka shingoni. Nimeongea na wifi yangu, na usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Ameniambia kwamba shule ya mwanangu nayo inafundisha kuunga herufi, na kwamba ulikwenda huko na aproni yako ya ngozi, ukamwambia mwalimu wake, mwanamke wa watu ambaye hajakukosea lolote, kwamba mtoto wako asifundishwe upuuzi huo. Sasa wenzake wakianza kipindi yeye anatoka kukaa barazani. Na kwamba siku moja aliandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa karakana, ameliunga vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, ukalifuta kwa mkono, ukaendelea na kazi.

Mtu asiyesumbuliwa na vidole hafanyi hivyo.

Mimi sikulaumu kwa kumchukia. Nakulaumu kwa kumchukia huko mbali, penye mtoto asiye na kosa, wakati yeye mwenyewe yuko hapa na mimi nimemshikia mlango.

Nimekwisha kaa darasani kwake mara mbili. Nitakueleza siku nyingine.

Dada yako


Tarehe 2 Mei

Dada, shikamoo. Hapa salama. Kazi ipo.

Kuhusu binti yangu usiulize.

Darasani kwake umeona nini? Umejaza ukurasa mzima habari zangu, zake ukaziandika mstari mmoja. Nakujua. Ukiona kitu usichokipenda unasema “siku nyingine”.

Mdogo wako


Tarehe 23 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama sasa anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na jirani anaomba magoti yamuume tena, maana akifika haondoki. Sisi wengine wazima.

Ulitaka kujua nilichoona. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikianza nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Niliingia mle nikitafuta woga. Nilikaa nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamegusa kidevu, nikawatazama mabegani. Unajua woga unavyokaa mabegani. Sikuuona. Rula hana, fimbo hana. Anapita kati ya madawati, anainama, anasema taratibu, mkia, mkia, mshike mwenzako. Kuna mtoto mmoja ambaye walimu wengine wote waliniambia hakai kitini. Kipindi cha mwandiko alikaa. Alitoa ulimi nje akaunga mstari mzima, akaushika juu ili niuone. Nimezunguka shule nyingine pia, na sitakuficha: watoto wanaofundishwa kuunga wanaandika bila kuchoka, na wanaipenda kazi ya mikono yao. Nilitaka kuandika kwamba mwandiko huu hauna faida. Nitakuwa nimedanganya.

Na kingine. Safu ya mbele kuna msichana mashoto, kama wewe. Anaandika kwa kushoto. Mwalimu Mikia amemgeuzia karatasi, ameilaza upande, pembe moja inamtazama kifuani, na mkono wa mtoto unapita chini ya mstari bila kuufuta. Anaandika vizuri kuliko wenzake. Nilimuuliza mwalimu alijifunza wapi kufanya hivyo. Akaniambia ni jambo la kawaida tu, hata yeye alionyeshwa chuoni.

Nilitoka nje nikasimama kwenye bomba la watoto nikanawa uso.

Kwa hiyo nafikiria kupendekeza kipindi kibaki, kisiwe na alama, na kila mtoto atumie mkono wake. Dawa ya moto ni moto, nilikuwa tayari kuuwasha, lakini naona utaunguza na watoto. Niambie wewe. Ukisema niwashe, bado nitafikiri.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Dada, shikamoo. Mama msalimie. Leo sina habari za nyumbani.

Chuoni. Amesema alionyeshwa chuoni. Kwa hiyo alijua, dada. Alipokuwa ananifunga kamba ya kiatu alikuwa anajua. Miaka yote nilidhani ni mtu mjinga aliyefundishwa na wajinga wenzake, na mjinga unaweza kumsamehe ukichoka. Kumbe ilikuwa ni kugeuza karatasi tu.

Nitakuambia ambayo sikumwambia hata mama. Niliporudi darasani na mkono umefungwa bandeji hakunipa dawati. Alinikalisha chini, mbele, mgongo umeelekea ubao, nikawa naandika sakafuni kwa chaki kwa mkono wa kulia, muhula mzima. Akimaliza kufundisha anawaambia wenzangu waje waone Mashoto ameandika nini leo. Wanapita mmoja mmoja. Anayetaka kucheka anacheka. Kisha anasema, futa, anza tena.

Siku moja nilimwomba aniruhusu niandike herufi moja moja. Nilimwomba vizuri, nikamwambia tafadhali mwalimu. Akaniambia asiyeweza kuunga herufi hataunga chochote maishani. Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia kesho itanyesha. Jioni hiyo nilimwambia baba nimechoka na shule, nataka kwenda kwa baba mdogo kujifunza kuchomelea. Mlinicheka, mkasema mtoto huyu anapenda moto. Nikawaacha mcheke.

Mimi sitaki mwandiko uondolewe. Sitaki ubaki. Sikuwahi kuujali. Namtaka yeye.

Nakuja Julai. Usiseme lolote kwa niaba yangu, wala usiniandalie maneno. Niite kama mzazi yeyote, unipe nafasi yangu, na nikiianza usinikatize.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Tuko wazima, na mama amefurahi kusikia unakuja, hajui kwa nini.

Barua yako nimeisoma bafuni nimefunga mlango.

Nitakuita, na sitakukatiza. Nina sharti moja, na usijaribu kulipunguza kama bei ya sokoni. Mwanangu arudi darasani kwenye kipindi cha mwandiko kabla hujapanda basi. Wewe unakuja kumlipa aliyekufanyia. Huwezi kumlipa huku umemkalisha mtoto barazani huko. Chagua.

Dada yako


Tarehe 25 Juni

Dada, shikamoo. Hatujambo.

Amerudi leo. Nimempeleka mwenyewe, nimemwomba mwalimu wake msamaha, akanipa kiti, sikukaa.

Ukumbini weka ubao. Na chaki.

Mdogo wako


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anauliza ilikuwaje ukapita mji huu bila kuingia nyumbani. Nimemwambia ulikuwa unawahi basi. Hakuniamini. Alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi amevaa kitenge kipya, na chakula alichokuwekea tumekila sisi.

Nakuandikia uliyoyafanya, maana wewe hukuyaona. Muda mwingi ulikuwa umeupa ukumbi mgongo.

Nilipokuita ulipanda na shati la pasi, umechomekea kama bwana harusi. Watu walijiweka sawa wakingoja hotuba. Hukuwatazama. Ulimgeukia yeye, pale safu ya mbele alipokaa na walimu wenzake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Tunaomba utuandikie ule mstari wetu wa darasa la nne. Mkono safi hauna haraka.”

Alifurahi. Nilimwona usoni, alifurahi kama mtoto aliyeitwa mbele kupewa zawadi. Akapanda, akajifuta mikono kwa leso, akachukua chaki kwa mkono wa kulia.

“Kwa wa kushoto, mwalimu.”

Akacheka, na ukumbi ukacheka naye, wakidhani ni mzaha wa kuchangamsha mkutano. Alipoona hucheki akahamisha chaki. Akaandika maneno mawili, herufi zikawa zinaangukiana kama walevi, hakuna mkia ulioshika mwenzake. Ukamwambia afute, aanze tena. Akafuta, akaanza. Mara ya pili watu walicheka kwa sauti, wengine wakimwita jina lake la utani kutoka nyuma. Mara ya tatu kola ilikuwa imelowa, na hakuna aliyekuwa anacheka. Wazazi walikuwa wanatazama viatu vyao. Akakugeukia akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi.

“Asiyeweza kuunga herufi hataunga chochote maishani,” ulimwambia. “Futa. Anza tena.”

Hapo ndipo ulipoinua mkono wako, na safu za mbele zikaona vidole, waliosoma nawe wakakumbuka, na habari ikatembea mpaka nyuma kwa kunong'onezana. Sijawahi kusikia ukumbi unaelewa jambo kwa pamoja namna ile.

Mbele yangu kulikuwa na kengele. Kazi yangu ilikuwa kuigonga, na mwalimu mkuu alinitazama mara kadhaa akingoja niigonge. Hukuniona. Mkono niliukalia. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuahidi. Nilitaka aanze tena.

Wewe ukashuka, ukapita mlango wa pembeni, ukaenda zako. Haya ndiyo yaliyofuata. Nilisoma mapendekezo yangu, kwamba kipindi kibaki, kisiwe na alama, kila mtoto atumie mkono wake. Nilikuwa nasomea kuta. Mama mmoja alisimama akasema somo linalovunja watoto vidole halina kazi shuleni, na ukumbi mzima ukasimama naye. Walipopiga kura mikono ilikuwa msitu, na ofisi imeikubali kura yao. Kuanzia muhula ujao hakuna shule ya mji huu itakayofundisha kuunga herufi. Yule msichana mashoto wa safu ya mbele alikuwepo na baba yake. Alikuwa analia, na baba yake alidhani analia kwa kukuonea huruma wewe.

Kwa hiyo hapa hakuna mtoto atakayefundishwa, na wako huko anafundishwa. Nakuandikia tu ulijue.

Yeye alibaki jukwaani anafuta ubao. Aliufuta wote, hata mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Tulipokutana mlangoni aliniambia neno moja. Hilo siliandiki.

Dada yako


Tarehe 20 Agosti

Dada, shikamoo.

Mwombe mama radhi. Nisingeweza kukaa mbele yake siku ile. Angeniangalia mara moja tu akajua. Hapa wote wazima. Binti anaandika jina lako kwa kuunga kila penye nafasi, juzi ameliandika kwenye geti la mteja kwa chaki yangu ya kupimia. Mteja amelipenda, amesema libaki, nimemwambia mvua italifuta.

Watu wanasema kisasi ni kichungu. Hawajakionja. Kwenye basi nililala kama mtoto aliyeshiba, mpaka konda akaniamsha kituo cha mwisho. Pole kwa mapendekezo yako, najua uliyafanyia kazi. Yule msichana nimemfikiria. Lakini nilikuambia mapema kwamba sikuwa nakuja kwa ajili ya mwandiko.

Alikuambia nini mlangoni? Kama aliomba msamaha sema. Kama alitukana sema. Usinifanyie ya “siku nyingine”.

Mdogo wako


Tarehe 9 Septemba

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mama amekusamehe kwa mdomo, moyo utafuata.

Nilikusudia kufa na neno hilo. Nimeona hutaniacha, na mimi pia limeniwasha.

Mlangoni aliniuliza yule bwana ni nani. Nilidhani ni kejeli, nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia ni mdogo wangu, Mashoto, wa darasa la nne, uliyemfunga mkono na kumvunja vidole, uliyemkalisha sakafuni. Akafikiri. Nilimtazama, alifikiri kweli, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akasema wamepita watoto wengi mikononi mwake, na huyo hamkumbuki. Hakukana, mdogo wangu. Alisema inawezekana. Mimi alinikumbuka mpaka rangi ya sare yangu, kwa sababu ya mwandiko mzuri. Wewe hukuwemo kabisa.

Wahenga walishasema, mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Hakungoja kustaafu. Muhula ulipofunguliwa alikuta jina lake halimo kwenye ratiba. Akakaa chumba cha walimu siku chache, hana darasa, anachonga penseli za wenzake, halafu akaandika barua ya kuondoka. Nimeipitisha mimi. Sasa akienda sokoni hupita barabara ya nyuma, karibu na mtaro. Kwenye ile barabara kubwa vijana wa vibandani wakimwona wanahamishia vitu mkono wa kushoto na kumwambia, mwalimu, futa, anza tena. Hata wadogo ambao hawakuwepo ukumbini wanajua kusema. Nimemwona kwa macho yangu akigeuka na kapu lake akarudi alikotoka.

Sijui kama nimekuandikia haya ili ufurahi au ili ukome. Soma utakavyo.

Dada yako


Tarehe 1 Oktoba

Dada, shikamoo.

Hapa hatujambo. Wifi yako amepunguza chumvi kwa amri ya daktari, kwa hiyo tunakula kimya. Nimepata kazi ya ngazi ya chuma ya ghorofa tatu, itanifikisha Desemba.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Ulihofia neno lile litanivunja. Siku ya kwanza lilikaribia. Nilizima mashine mchana kweupe, nikafunga karakana, nikakaa ndani. Nilikuwa nawaza kwamba huyu mtu nimeamka naye na kulala naye tangu utotoni. Kila nikishusha kinyago cha kuchomelea nilikuwa naongea naye, kwa sababu mle ndani hakuna anayekuona midomo. Nimemjibu maneno yote ambayo sikuweza kumjibu. Kumbe upande wa pili hapakuwa na mtu. Hakuwahi kunibeba hata kwa siku moja.

Nikakaa hivyo mpaka wifi yako akaja kugonga. Ndipo nikasoma tena sehemu ya mwisho, ile ya barabara ya nyuma.

Usinitafutie huruma, dada. Najua ndiyo sababu uliandika habari ya kapu. Nimeitafuta mwenyewe, haipo. Mtu huyu sasa akishika kijiko ananijua. Akifunga kifungo cha shati ananijua. Akisikia mtoto anacheka nyuma yake anajua ni mimi. Miaka yote hiyo jambo hili lilikuwa langu peke yangu. Sasa tumeligawana, na fungu lake ni jipya, bado linauma. Langu limeanza kupoa.

Mwambie mama Desemba nakuja, na safari hii nitakaa. Asitume mtu kunipokea. Nitatembea kutoka kituoni mpaka nyumbani, na nitapita barabara kubwa.

Mdogo wako